Majina Yamepaa, Vitenzi Vimebaki Ardhini

Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na kwa kuwaenzi wenyeji, satelaiti hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Tarehe 15 Aprili 2023 satelaiti ya Kenya yenyewe ilirushwa kutoka Vandenberg, California, nayo ikaitwa Taifa-1. Baina ya safari hizo mbili ilipita miaka zaidi ya 50, na mchango wa Kiswahili uliosikika sana ukabakia ule ule: jina. Namna satelaiti inavyopaa, inavyoshika njia yake, inavyoongozwa na inavyotuma habari ni mambo ambayo Mkenya msomi amezoea kuyaeleza kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kinachokatikia katikati ya sentensi.

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Waama, jina lina thamani yake. Hata hivyo, jina liwe jema vipi haliendeshi chombo. Kinachoendesha chombo ni maelezo ya kazi: vitenzi, vielezi na sentensi kamili zinazosema nini hutangulia nini, na kwa sababu gani. Makala haya yanadai kwamba upungufu wa Kiswahili katika sayansi ya anga si upungufu wa nomino, bali ni upungufu wa mazoezi ya kusimulia kazi. Fauka ya hayo, yanadai kuwa uwanja mmoja mzuri wa mazoezi hayo uko mahali ambapo wasomi wengi wa lugha wasingefikiria kutazama, nao ni safari za roboti katika mchezo wa kompyuta.

Mchezo Wenyewe

Mchezo unaokusudiwa hapa ni Kerbal Space Program. Uliundwa na kampuni ya Squad jijini Mexico City, ukaanza kupatikana kwa umma mwaka 2011, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2015. Mchezaji hupewa vipuri: matangi ya mafuta, injini, parachuti, paneli za jua, antena na magurudumu. Kwa vipuri hivyo huunda roketi, kisha huirusha kutoka sayari ya kubuni iitwayo Kerbin kwenda kwenye miezi na sayari nyingine zinazolizunguka jua lake. Hamna maadui wa kupigwa risasi. Adui mkubwa ni hesabu iliyokosewa.

Miongoni mwa sayari hizo ipo Duna. Ni nyekundu, ina hewa nyembamba na barafu kwenye ncha zake, na nguvu yake ya mvutano ni takriban thuluthi moja tu ya ile ya Kerbin. Ni dhahiri shahiri kwamba waundaji waliiga Mirihi. Wachezaji wenye busara hawaanzi kwa kuwapeleka huko wale wasafiri wadogo wa rangi ya kijani ambao mchezo huu ni maarufu kwao. Hutanguliza roboti, kwa kuwa roboti haidai kurudishwa nyumbani. Inahitaji umeme, inahitaji mawasiliano, na zaidi ya yote inahitaji kuambiwa la kufanya. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapoingia.

Safari ya Duna kama Mtihani wa Lugha

Hatua ya kwanza ya safari humfedhehesha kila mwanagenzi. Hudhani kwamba kwenda angani ni kwenda juu, akaelekeza roketi wima mpaka mafuta yakaisha, kisha akaishuhudia ikirudi chini kama jiwe. Mchezo humfunza polepole kwamba kupaa ni nusu ya kazi. Roketi lazima ilale ubavu na kukimbia kando hadi ipate mwendo wa takriban mita 2,300 kwa sekunde, juu ya kimo cha kilomita 70 ambako hewa ya Kerbin hukoma. Kuna wanaoita njia hiyo obiti na wanaoiita mzingo, na mikutano ya istilahi inaweza kukesha ikibishania maneno hayo mawili. Lakini mwenye kusema "obiti" na mwenye kusema "mzingo" wote hawajaeleza kitu. Maelezo ni haya: chombo kinaanguka daima bila kufika chini, kwa sababu sayari inajipinda chini yake kwa kadiri ile ile kinavyoanguka. Sentensi hiyo haina neno hata moja ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi halijui. Kilichokosekana ni mtu wa kuitunga.

Hatua ya pili ni kungoja. Kerbin na Duna hulizunguka jua kwa kasi tofauti. Anayeondoka wakati wowote apendao hufika mahali ambapo Duna ilikuwa au itakuwa, ila si mahali ilipo. Hana budi kusubiri hadi Duna iwe mbele ya Kerbin kwa takriban digrii 44, na nafasi hiyo ikimpita hurejea baada ya zaidi kidogo ya miaka miwili ya Kerbin. Kwa Mirihi halisi, nafasi kama hiyo hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi. Wazungumzaji wa Kiingereza huifananisha nafasi hii na dirisha, na mfasiri mwenye haraka huandika "dirisha" naye akaenda zake. Je, mwana wa mwambao ana haja gani ya dirisha? Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliletwa Lamu, Mombasa na Malindi na upepo wa kaskazi, yakarudishwa na kusi. Nahodha aliyechelewa hakuilaumu bahari. Alingoja msimu. Neno "msimu" lilikuja na mabaharia hao hao kutoka Kiarabu, na tangu hapo limebeba maana ya wakati ambao safari inawezekana. Dirisha hufunguliwa na mwenye nyumba apendapo, ilhali msimu hauna mwenyewe, nao hungojewa. Msimu wa Duna ni istilahi iliyokamilika, tena inaeleza ukweli wa jambo kuliko ile ya kutafsiriwa.

Hatua ya tatu ni kutua. Hewa ya Duna huanza kwenye kimo cha kilomita 50, lakini ni hafifu mno. Inatosha kukipasha chombo joto na kukipunguzia kasi, ila chombo kizito chenye parachuti peke yake hufika chini kikiwa bado kinakwenda mbio, kikavunjika. Mchezaji hulazimika kuwasha injini katika sekunde za mwisho. Hapa pia lugha ya bahari ina la kusema. Baharia hutweka tanga na hutua tanga. Kutua kwake ni kushusha kwa utaratibu na kwa mkono unaodhibiti kamba, wala si kuporomosha. Tofauti hiyo ya kutua, kushuka, kuanguka na kuporomoka ndiyo tofauti ya kigari kizima na rundo la vyuma. Mwanafunzi anayesimulia anachokiona kwenye kioo cha kompyuta hulazimika kuchagua kitenzi, na akikosea, wenzake wanaona papo hapo kwamba alichokisema sicho kilichotendeka.

Hatua ya nne ni mawasiliano. Tangu toleo la 1.2 lililotoka mwaka 2016, roboti ya mchezo huu isiyofikiwa na mawimbi ya redio kutoka nyumbani haiendesheki ipasavyo. Duna ikijizungusha, kigari kilichoko huko hupelekwa upande usioitazama Kerbin. Wakati mwingine Ike, mwezi wa pekee wa Duna, hujitia kati na kukata mawimbi. Dawa yake ni kuweka satelaiti zinazopokea ujumbe upande mmoja na kuupeleka upande wa pili. Ndivyo ifanyikavyo Mirihi pia: vigari vilivyoko huko hutuma sehemu kubwa ya habari zake kupitia vyombo vinavyoizunguka sayari hiyo, kama vile Mars Reconnaissance Orbiter kilichofika mwaka 2006. Satelaiti hizo ziitweje kwa Kiswahili? Kila Mkenya aliyewahi kukaa uwanjani anazijua mbio za kupokezana vijiti. Basi hizi ni satelaiti za kupokezana. Kutokana na "pokea" huja pokeza, pokezana na mapokezano, na familia nzima ya istilahi imepatikana bila kukopa neno.

Hatua ya tano ni kuendesha. Kwa kuwa mvutano wa Duna ni mdogo, magurudumu hayashiki ardhi vizuri. Anayekata kona kwa kasi aliyoizoea nyumbani hukiona kigari kikiinuka upande mmoja na kulala chali, paneli za jua zikiwa chini na magurudumu yakizunguka hewani. Hakuna wa kukiinua. Taarifa ya ajali kama hiyo ni somo la mnyambuliko lisilo na mfano. Kigari kilipinduka; mwendeshaji alikipindua; kilipinduliwa na mteremko; kilipindukia bondeni. Sentensi nne, mzizi mmoja, na hukumu nne tofauti juu ya nani au nini kilaumiwe. Mhandisi anayeandika taarifa ya ajali anahitaji tofauti hizo kuliko anavyohitaji orodha ya nomino. Kiswahili kinazo tayari, tena kwa silabi moja au mbili tu.

Kutoka Duna hadi Mirihi

Ni haki kuuliza iwapo haya yote si ndoto za kioo cha kompyuta. Jibu liko Mirihi. Vigari pacha Spirit na Opportunity vilitua huko Januari 2004, kila kimoja kikikusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za sayari hiyo. Spirit ilikwama mchangani mwaka 2009 na sauti yake ikapotea mwaka 2010. Opportunity iliendelea kutembea hadi dhoruba ya vumbi ilipoizibia mwanga wa jua Juni 2018, ikiwa imekwenda zaidi ya kilomita 45. Magurudumu kukwama, umeme kupungua, mawasiliano kukatika: mashaka yanayomkumba mchezaji wa Duna ni yale yale yaliyovikumba vigari hivyo.

Ipo hata hivyo tofauti mbili ambazo hazipaswi kufichwa. Kwanza, mchezo humruhusu mchezaji kurudi nyuma na kuanza upya pale alipokosea, ilhali Mirihi haina marudio. Pili, katika mchezo wa kawaida amri hufika papo hapo, lakini mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kutoka Dunia hadi Mirihi, kutegemea umbali wa wakati huo. Hakuna awezaye kukiendesha kigari cha Mirihi kwa kukitazama. Wataalamu huandika maagizo ya siku nzima, wakayatuma, kisha wakangoja kuona kilichotokea. Kigari hakiulizi swali. Hutenda kile kilichoandikwa, wala si kile mwandishi alichokuwa nacho moyoni.

Kazi hiyo ni ya lugha kabla haijawa ya mitambo. Mwaka 1999 chombo Mars Climate Orbiter kiliangamia kilipofika Mirihi kwa sababu kundi moja la wahandisi lilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya pauni, na jingine likazipokea kana kwamba zimeandikwa kwa vipimo vya metriki vya nyutoni. Namba zilikuwapo na mitambo ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni neno moja la kusema namba zile zilikuwa za kipimo gani. Anayedhani kwamba uhandisi na taaluma ya lugha ni majirani wasiosalimiana na atafakari mkasa huo.

Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ana mambo mazito zaidi ya kufanya. Ni kweli kwamba michezo ya kompyuta imewapotezea wengi muda wao. Lakini bao halikuzuiwa kufunza hesabu kwa sababu huchezwa barazani, wala kitendawili hakikuacha kuwa fasihi kwa sababu hutegwa na watoto. Kinachopimwa ni kile mchezo unachomlazimisha mchezaji kukifikiria.

Wengine watasema kwamba fizikia ya mchezo huu imerahisishwa. Nayo ni kweli. Nusu kipenyo cha Kerbin ni kilomita 600 tu, ilhali cha Dunia ni kilomita 6,371. Vilevile chombo huvutwa na gimba moja tu kwa wakati mmoja, jambo ambalo si hali halisi ya anga. Lakini ramani pia hurahisisha nchi, na hakuna anayeitupa kwa sababu hiyo. Mwanafunzi anayejua ramani imeacha nini yuko salama zaidi ya asiyekuwa na ramani kabisa.

Wapo pia watakaolalamikia gharama: kompyuta hazitoshi, na nyingine ni kuukuu. Pingamizi hili lina uzito, na hasa katika vyuo ambavyo wanafunzi hupanga foleni kungojea kompyuta moja. Ila zoezi linalopendekezwa hapa halimhitaji kila mwanafunzi kuwa na mtambo wake. Linahitaji mtambo mmoja na watu wengi wanaozungumza. Kwa hakika, mchezaji aliye peke yake chumbani hanufaishi lugha kwa lolote, maana hana wa kumsimulia.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaouliza faida. Shule za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza, mitihani ni kwa Kiingereza, na kazi hutangazwa kwa Kiingereza. Kwa nini basi mtu ahangaike kuizungumzia Duna kwa Kiswahili? Jibu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Taifa-1 ilirushwa ili kukusanya habari za kilimo na mazingira. Mkulima ambaye shamba lake linapigwa picha kutoka angani anastahili kujua picha hiyo hupatikanaje, kwa nini satelaiti haiwezi kusimama juu ya shamba lake mchana kutwa, na kwa nini wingu linaweza kuinyima picha. Lugha rasmi isiyoweza kumjibu raia maswali hayo ni rasmi kwenye karatasi. Na wa kuiwezesha lugha hiyo si mhandisi, ambaye hana muda wala mafunzo ya kufanya hivyo. Ni mhitimu wa Kiswahili, iwapo atakubali kujifunza chombo hufanya nini.

La Kufanya

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji ruhusa ya wizara yoyote. La kwanza ni jioni ya usimulizi. Kundi moja lirushe roboti kwenda Duna, la pili lisimulie kila kinachotendeka kwa Kiswahili bila kukatiza, na la tatu liandike kila mahali ambapo msimulizi alikwama. Mwisho wa jioni chama kitakuwa na orodha ya mapengo ya kweli, yaliyotokana na kazi. Orodha hiyo ilinganishwe na kazi zilizotangulia, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, ili ionekane ni istilahi zipi zilikuwapo zikasahauliwa na zipi hazijapata kuundwa.

La pili ni zoezi la maagizo. Mwendeshaji akalishwe mbele ya kompyuta, na mwandishi akae chumba kingine. Mwandishi aandike maagizo ya dakika kumi kwa Kiswahili, naye mwendeshaji ayatekeleze neno kwa neno bila kuuliza. Akiandika "geuka kidogo kushoto," atajifunza upesi kwamba "kidogo" si kipimo, na kwamba kushoto kwa kigari kilichogeuka nyuma si kushoto kwa anayekitazama. Hakuna mhadhara wa uandishi wa kiuamilifu utakaomfunza hayo kwa haraka zaidi.

La tatu ni tafsiri. Tangu mwaka 2017 mchezo huu umetolewa kwa lugha nyingine zikiwemo Kihispania, Kirusi, Kijapani na Kichina, na maandishi yake huhifadhiwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida yaliyo kando na programu. Kiswahili hakimo. Toleo kuu la mwisho, la 1.12, lilitoka mwaka 2021, kwa hiyo mfasiri hana hofu ya kukimbizana na maandishi yanayobadilika kila mwezi. Wahadhiri wanaotafuta mada za tasnifu za uzamili katika tafsiri na istilahi wanayo hapa matini iliyojaa maelezo ya vipuri, ripoti za majaribio ya kisayansi na ucheshi mwingi, nao ucheshi ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa mfasiri.

Bandu bandu huisha gogo. Haitegemewi kwamba jioni moja ya kuendesha kigari cha kubuni itageuza lugha ya maabara za Kenya. Inatosha ikimpata mwanafunzi mmoja ambaye, baada ya kigari chake kulala chali kwenye mteremko wa Duna, anaweza kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili kinachoshikana tangu mwanzo hadi mwisho kwa nini kilipinduka, na afanye nini safari ijayo kisipinduke tena.